Ile Ndogo ya Pembeni

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na jambo hili nitalieleza kama ninavyoeleza darasani: polepole, mara moja, na wanaopiga soga nyuma shauri yao. Watu wa hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, wananijua kuwa mtu wa hasira. Sikatai. Kule Uvira, Kongo, nilikuwa na hasira za kawaida, za mwalimu ambaye wanafunzi wake hawajaleta daftari. Hizi nyingine nimezipata huku.

Nilivuka mpaka na mtoto mmoja, msichana wa miaka mitano. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa homa ya siku tatu, kabla vita havijafika mtaani kwetu. Basi lilitushusha kwenye kituo cha mapokezi, angari refu la mabati lenye sakafu ya saruji, familia zikitenganishwa kwa vitenge vilivyoanikwa kwenye kamba. Mwanangu alikuwa anakohoa. Alikohoa usiku wa kwanza, wa pili, wa tano, na kila akikohoa kulikuwa na mtu nyuma ya kitenge anayesonya.

Upande wa pili wa kitenge chetu alikaa fundi seremala, mtu wa kwetu, na mkewe na watoto wao watano. Hatukuwa tumejuana kabla. Lakini mkila sufuria moja kwa wiki mbili mnakuwa ndugu, hamna namna.

Habari za angarini zilikuwa hivi: wenye familia kubwa wanapewa kiwanja kwanza, na turubai, na miti ya kujengea. Mwanaume wa peke yake anangoja. Mwanaume wa peke yake mwenye mtoto wa kike anangoja zaidi, kwa sababu wataanza kuuliza mama yuko wapi, cheti cha kifo kiko wapi, na nani atathibitisha kwamba mtoto hukumwiba. Palikuwa na bwana mmoja aliyekuwa amekaa pale miezi na mwanawe, akingoja barua kutoka ofisi ambayo hakuna aliyejua iko wapi. Sijui kama yote yalikuwa kweli. Angarini, kitu kikisemwa na watu watatu kinakuwa kweli.

Mke wa seremala ndiye aliyeniambia. "Mwalimu, huyu mutoto atakufia hapa chini. Umuandikishe kwetu. Tukipata kiwanja, utajenga pembeni yetu, mutoto atalala kwako. Karatasi ni karatasi tu."

Nilikubali. Tena nilimshukuru sana. Na hapo ndipo kosa langu lilipo, wala si langu peke yangu, ni la watu wa kwetu wote. Kwetu karatasi kweli ilikuwa karatasi tu. Ukitaka kubadilisha jina au mwaka wa kuzaliwa, unamwendea karani wa ofisi ya komini, unakaa naye kwenye kiti, mnakunywa kitu, mnaulizana habari za wakwe, halafu anachukua kalamu. Hakuna Mkongo wa rika langu asiye na karatasi moja yenye uongo mdogo ndani yake. Nilidhani na huku, siku ikifika, kutakuwa na mtu wa kukaa naye kwenye kiti.

Siku ya kuandikishwa, mke wa seremala alimbeba mwanangu mgongoni. Karani akauliza, huyu ni wako? Akajibu, wangu. Wakachukua alama za vidole, wakampiga picha ya macho. Mimi nilikuwa foleni ya pili, ile ya wanaume wasio na mtu, nikimwona mwanangu akishikwa kidevu ili mashine imtazame vizuri. Alianza kunitafuta. Nikageuza uso, nikajifanya nasoma tangazo ukutani, ili asije akaninyooshea mkono.

Tukapata viwanja, mbele kidogo ya kijiji cha Misiera. Nilijenga hatua kumi na mbili kutoka mlango wa seremala. Mtoto alilala kwangu, alikula kwangu, alipigwa na kubembelezwa kwangu. Siku ya posho, mke wa seremala alileta fungu la mtoto katika beseni la buluu, mahindi na maharage, hakupunguza hata kikombe. Ni mama mwema, na nasema hivyo hata leo. Siku za uhakiki mwanangu alioga, akavuka ua, akasimama na wenzake kwenye mstari wao, akahesabiwa mtu wa nane, kisha akarudi nyumbani kufanya kazi za shule. Tukazoea. Ndiyo ubaya wa mambo mabaya, yanazoeleka.

Alipokuwa na miaka tisa, shule yetu ililetewa boksi la vitabu kutoka ng'ambo, vitabu vya kila kitu isipokuwa vile tunavyovihitaji. Kimoja kilikuwa cha anga. Nilikipeleka nyumbani, naye akakifungua mkekani, akafika kwenye picha iliyochukua kurasa mbili.

Ilikuwa galaksi, yaani kundi kubwa la nyota, nyingi kupita hesabu, limejizungusha kama maziwa uliyoyamimina kwenye chai na kukoroga mara moja. Ilikuwa na mikono miwili mirefu iliyojipinda. Na kwenye ncha ya mkono mmoja palikuwa na galaksi nyingine, ndogo, ya manjano, haina umbo la maana, imekaa pale kama mtu aliyeshikwa shati.

"Papa, njo nini hii?"

Nikamweleza.

"Na hii kadogo ya pembeni, inafanya nini pale?"

Nilifurahi. Mwalimu huishi kwa maswali ya aina hiyo, na shuleni nilikuwa sijaulizwa swali hata moja tangu Pasaka ya mwaka jana. Nikamwambia kwamba ile ndogo ilikuwa inapita njia yake, ikapita karibu mno na ile kubwa. Kubwa inavuta. Ndogo nayo inavuta, ndiyo maana mkono ule wa kubwa umenyooka kuifuata, lakini nguvu zao si sawa. Upande wa ndogo ulio karibu unavutwa zaidi kuliko upande ulio mbali, kwa hiyo inanyooka, inalegea, inaanza kuchanika. Nyota zake nyingine zinavuka daraja lile na kuwa nyota za kubwa.

"Zinagongana?"

"Hapana. Nafasi kati ya nyota na nyota ni kubwa sana. Zinapishana tu. Hata kishindo hakuna."

"Na zile zenye kuvuka, zinajua?"

Nikamwambia nyota hazijui kitu, alale.

Kesho yake niliwafundisha hayohayo kidato cha nne, nikaona wananikodolea macho tu. Basi nikatumia ng'ombe. Kila mtu wa huku ameona ng'ombe wa Endiinzi, zile pembe ndefu, wakija majini wakati wa kiangazi. Nilimuuliza mchungaji mmoja Mnyankole inakuwaje kundi la ng'ombe mia likikutana na kundi la ng'ombe kumi kwenye maji. Akacheka. Akasema, mwenye kumi ndiye anayetoka jasho. Mwenye mia anaondoka polepole tu, haangalii nyuma, na ndama wa mwenzake wanamfuata. Wala si mwizi. Nilipoeleza hivyo, darasa zima lilielewa. Binti yangu alikuwa amekaa dirishani, anasikiliza somo la wakubwa.

Mwezi wa pili wa mwaka ule nilimpandisha kilimani baada ya kula, watu wakiwa bado wanaosha vyombo. Huku kwetu taa ni chache, kwa hiyo mbingu tunaipata yote, ndiyo mali pekee tuliyopewa bila foleni. Nilimwonyesha upande wa Tanzania, chini karibu na vilima, doa hafifu kama alama ya kidole kwenye kioo. Nikamwambia lile si wingu. Ni galaksi ndogo, jirani yetu, nayo inavutwa na hii tuliyomo. Yaliyo kwenye picha yanatokea na hapa.

"Sisi tuko mu kubwa ao mu kadogo?"

"Mu kubwa," nikasema. Kisayansi nilikuwa sahihi.

Miaka saba ikapita baada ya hapo. Alikuwa na miaka kumi na sita, wa kwanza darasani kwa hesabu, mrefu kuliko mimi, ulimi mkali kama wangu. Asubuhi moja seremala alikuja mlangoni kwangu akiwa na kofia mkononi. Alikuwa ametoka Base Camp, kwenye ofisi za kambi. Kwenye ubao wa matangazo kesi yao ilikuwa imeitwa. Wanaenda ng'ambo, nchi ya baridi, kuanza maisha. Watu wanane.

"Mwalimu," akasema, "miye sijue nifanye nini."

Nilihesabu, kana kwamba nilikuwa sijui. Yeye, mkewe, watoto wao watano. Saba. Nikamwambia aketi, akakataa kuketi. Tulisimama pale mlangoni kama watu wanaodaiana, na hakuna aliyekuwa amemkosea mwenzake.

Fikiria mwenyewe. Nikienda ofisini nikasema huyu ni wangu, maana yake seremala na mkewe walidanganya tangu siku ya kwanza, na kesi yao inafungwa. Watoto watano wanabaki hapa maisha yao yote kwa sababu mama yao alimhurumia mtoto wangu aliyekuwa anakohoa. Na mwanangu mwenyewe anabaki, anamaliza sekondari, halafu? Nimefundisha hapa muda wa kutosha kujua halafu. Wanafunzi wangu wazuri kuliko wote wanauza maandazi na vocha Misiera. Wananisalimia kwa heshima, nawanunulia maandazi.

Na nisiposema, anaenda. Mimi nabaki na kadi yangu ya mtu mmoja. Kwenye karatasi zao zote sina mtoto, sijawahi kuwa naye, kwa hiyo siwezi hata kuomba kumfuata.

Nilienda Base Camp mara moja. Niliketi kwenye benchi tangu asubuhi, nikapanga maneno yangu vizuri, nikayapanga tena. Mchana zamu yangu ikafika. Kijana wa ofisini akaniuliza, "Mzee, shida gani?" Nikamuuliza kama chaki za shule zimefika. Akasema hahusiki na chaki. Nikamshukuru, nikarudi kwa miguu, na njia nzima nilijitukana kwa lugha tatu.

Nilipomwambia binti yangu, alitupa sufuria chini. "Miye sitaki. Miye nabakia na weye."

"Utabakia ufanye nini?"

"Nipike. Nifundishe batoto. Kama weye."

"Kama mimi," nikasema, na hasira zikanipanda mpaka masikioni. "Niangalie. Unataka kuwa hivi?" Nilipiga kelele nyingi jioni ile, nyingine nimezisahau na nyingine natamani nizisahau. Nilimwambia sikumbeba kutoka Uvira ili aje anipikie. Alilia, nami nikatoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba, nikalia pia. Majirani walisikia yote. Katika nyumba za turubai hakuna siri.

Kisha nikaanza kumfundisha. Usaili unakuwa wa mmoja mmoja, kila mtoto chumba chake, na maswali yao ni ya ajabu: mama yako alipika nini Krismasi, nani analala upande wa ukuta, bibi mzaa baba aliitwaje. Mke wa seremala alimpa majibu, mimi nikamwongoza kuyashika, kama tunavyojiandaa na mtihani wa taifa. Kila jioni saa moja. Baba yako anafanya kazi gani? Seremala. Ana alama gani mwilini? Kidole cha shahada, msumeno. Na yule bwana wa nyumba ya pembeni? Hapo alikuwa anakwama. Nikamwambia kuanzia leo usiniite papa, hata tukiwa wawili. Ulimi unaozoea kitu hukitoa hata usipotaka. Uniite mwalimu, kama wengine.

Siku tatu hakuniita kitu chochote. Aliniwekea sahani mbele yangu akatoka. Siku ya nne akasema, "Mwalimu, chai." Nikampa alama nzuri, kwa mdomo, kama mpumbavu.

Usaili ukapita. Vipimo vya afya vikapita. Aliniomba kitu kimoja tu cha kuondoka nacho: ile picha, kubwa, ya kutundika. Nikaomba ruhusa, tukaenda Mbarara. Mtaa wa Nyamityobora kuna Mwislamu mmoja mwenye duka la kuchapisha picha, picha za harusi na za Makka na kalenda. Nilikuwa nimezipiga picha zile kurasa kwa simu. Aliitazama kwenye kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Bwana, hii iko nini? Jicho ya mutu?"

"Nyota," nikasema.

"Ngapi?"

Binti yangu akamjibu kwamba ni mabilioni, na kila moja ni jua. Yule mzee akasema subhanallah, taratibu, akavua miwani akaifuta. Kisha akasema karatasi haitoshi, picha ni ndefu mno, itabidi akate hapa pembeni, hii kadogo inaharibu.

"Usikate kitu," nikasema. Nilisema kwa sauti ya darasani, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akageuka.

"Sawa, sawa. Lakini itabakia na nyeupe juu na chini. Haitakuwa nzuri."

"Iwe mbaya."

Akamtazama binti yangu, akanitazama mimi, akatabasamu. "Huyu iko binti yako. Hiyo hasira ya macho iko moja." Na mimi, kwa sababu Mbarara hakuna anayetujua, na yule mzee hakuwa na faili lolote, nikasema ndiyo. Ni binti yangu. Nikasema tena, ni wangu, wa kumzaa, tuko wawili tu. Sijui kwa nini nilimweleza yote hayo mtu wa picha. Binti yangu aliinamisha kichwa, nikadhani ameona haya. Tulipotoka akanishika mkono kama mtoto mdogo, akasema, "Papa, twende tule." Tukala kikomando kibandani, chapati iliyokatwa na maharage, tukaketi pale muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji. Ile ilikuwa siku nzuri. Ninayo moja tu ya aina hiyo, kwa hiyo naitaja.

Niliporudi kutoka shule siku ya kuamkia safari, nilikuta amefua mashuka yangu yote na kuyakunja. Mke wa seremala alikuja kunisalimia akashindwa kumaliza salamu.

Asubuhi walikusanywa kwenye uwanja wa ofisi. Basi lilikuwa tayari, na kamba ilikuwa imevutwa, wanaosafiri ndani, wanaosindikiza nje. Kila msafiri alivalishwa mfuko wa plastiki wenye karatasi zake, unaning'inia kifuani. Mimi nilikuwa nimejisemea nitasimama mbali. Lakini miguu haina akili. Nilijikuta nimevuka kamba, niko karibu na mstari wao, nashika begi la mwanangu kana kwamba ni zito, na machozi yananitoka bila kuniomba ruhusa.

Afisa mmoja, dada kijana mwenye orodha, akatuona. Akanitazama mimi, akamtazama binti yangu, akarudi kwangu, na nikaona kalamu yake imesimama. "Samahani," akasema, "wewe ni nani kwa hawa?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima, nikitembea na nikipiga mswaki. Halikutoka. Seremala alitazama viatu vyake. Mke wake akafumba macho. Watoto wao watano wakatulia tuli, hata yule mdogo, na nikajua kwamba maisha ya watu wanane yako kwenye ulimi wangu.

"Ni jirani," binti yangu akasema. "Mwalimu wetu wa fizikia. Analiaka hivi kila mwanafunzi akiondoka." Alisema akimtazama afisa usoni, sauti yake kavu, hata kope hazikucheza. Kisha akanigeukia, akalichukua begi kutoka mkononi mwangu, akasema, "Asante kwa kutusindikiza, mwalimu."

Dada yule akatabasamu kwa huruma, akatia alama kwenye orodha. Akaniomba, kwa heshima kabisa, nirudi upande wa pili wa kamba, na mimi nikarudi.